Kijitabu cha Marudio ya Magonjwa na Dawa Kinachouzwa Wandegeya: Kinamfaa Nani?

Mwanafunzi wa uuguzi anayekaribia mitihani ya taifa hapa Uganda ni nadra akose kukutana na kijitabu hiki. Kinauzwa katika vibanda vya fotokopi vya Wandegeya, si mbali na hospitali ya Mulago, na katika miji mingine yenye vyuo vya uuguzi wanafunzi hukifikisha wenyewe kwa kupeana nakala za nakala. Hakina jina la mwandishi wala la mchapishaji. Jalada lake ni karatasi ngumu ya buluu, kimefungwa kwa ringi za plastiki, na kinajinadi kuwa kimekusanya magonjwa ya kawaida na dawa zake kwa ajili ya wanaosomea cheti na stashahada. Mimi ni muuguzi, na jioni husimamia kikundi cha marudio chenye wanafunzi waliotoka Arua, Kasese, Kenya na mashariki mwa Kongo. Mtihani wao ni wa Kiingereza, lakini mjadala wetu huenda kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna anayeachwa nje nayo. Tumekipitia kijitabu hiki pamoja, ukurasa kwa ukurasa, tukiwa na Mwongozo wa Tiba wa Uganda wa mwaka 2023 mezani, na ninayoyaandika hapa ni matokeo ya kazi hiyo.

Niseme mapema kwamba si kitabu kibaya. Aliyekitunga anazijua wodi, anajua magonjwa yanayojaza vitanda vyetu, na hakupoteza karatasi kwa maradhi ambayo mwanafunzi hatayaona wala kuulizwa. Kasoro yake kubwa iko kwingine: kimeandikwa kana kwamba msomaji ndiye anayeandika dawa, ilhali anayefanya mtihani huu ndiye atakayeitoa. Mtahini wa uuguzi haridhiki na jina la dawa na dozi yake. Anataka kujua muuguzi alipima nini kabla ya kutoa, aliitayarisha vipi, alimwangalia mgonjwa kwa dalili zipi baada ya kutoa, na alimwambia nini wakati anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kila ukurasa wa kijitabu hiki unasimama au kuanguka kwa kipimo hicho, na kurasa zake zinatofautiana sana.

Malaria ndiyo inayofungua kazi, kama inavyostahili. Maelezo ya malaria isiyo kali yanatosha kwa swali la kuchagua jibu: vidonge vyenye artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, vinne kwa mtu mwenye kilo 35 na zaidi, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Yasiyokuwepo ni yale yanayoleta alama katika insha. Hakuna neno kwamba dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, wala kwamba lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, wala muuguzi afanye nini mgonjwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza. Kwa upande wa wajawazito, kijitabu kinataja vidonge vya Fansidar vya kinga na kuanza kwake baada ya wiki ya 13, kisha kinanyamaza. Mwanafunzi hataambiwa kwamba mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza kotrimoksazoli kila siku hapewi Fansidar, ingawa hilo ni swali linalopendwa na watahini na, muhimu zaidi, ni kosa linaloweza kutokea kliniki siku yenye foleni ndefu.

Malaria kali ndipo nilipoweka kalamu nyekundu mezani. Kijitabu kinasema artesuneti ya sindano hutolewa kwa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, bila kutofautisha mtoto na mtu mzima. Hicho kilikuwa kipimo sahihi zamani. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, kwa sababu watoto wadogo walionekana kupata dawa pungufu kwa kipimo kile cha zamani, na mwongozo wetu unafuata hivyo. Tuchukue mtoto wa kilo 10. Kijitabu kitampa miligramu 24, wakati anayostahili ni miligramu 30. Kwa kuwa dawa iliyotayarishwa kwa njia ya mshipa huwa na miligramu 10 katika kila mililita, tofauti yenyewe ni mililita 2.4 dhidi ya mililita 3 ndani ya bomba la sindano, yaani kitu ambacho jicho halitakishtukia, na mtoto aliyezimia kwa malaria ya ubongo atakuwa amepunjwa sehemu moja ya tano ya dawa yake.

Kinachosikitisha ni kwamba ukurasa huohuo, aya mbili chini yake, una maelezo bora kabisa ya utayarishaji. Unaeleza kwamba kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu iliyokuja nacho, hutikiswa hadi maji yawe maangavu, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au ya dekstrosi kwa sindano ya mshipa, au mililita 2 tu kwa sindano ya msuli, na kwamba dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja. Unaeleza saa za kutoa, yaani mwanzo, saa 12 na saa 24, kisha mara moja kwa siku, na kwamba mgonjwa asihamishiwe kwenye vidonge kabla ya kupata angalau dozi tatu, hata akiamka na kuomba uji. Mwandishi wa aya hii bila shaka ameishika chupa hiyo kwa mikono yake. Mwandishi wa mstari wa dozi, nadhani, alinakili kutoka daftari la mtu aliyemtangulia chuoni, na huenda hao ni watu wawili tofauti, kwani vijitabu vya namna hii hukua kwa kuongezewa na kila anayepita.

Sehemu ya kifua kikuu ndiyo iliyonifanya niheshimu kazi hii. Badala ya kumwaga majina manne ya dawa na kuondoka, kijitabu kimeweka jedwali lenye safu tatu: dawa, kiungo kinachoweza kudhurika, na swali ambalo muuguzi amuulize mgonjwa kila anapokuja kuchukua dawa. Kwa rifampisini, mgonjwa aambiwe mapema kwamba mkojo na hata machozi yatakuwa ya rangi ya chungwa na kwamba si damu. Kwa isoniazidi, aulizwe kama nyayo na vidole vinachoma au kufa ganzi, na apewe piridoksini ya kuzuia hali hiyo. Kwa pirazinamidi, aulizwe maumivu ya viungo. Kwa ethambutoli, aulizwe kama bado anatofautisha nyekundu na kijani. Chini ya jedwali kuna mstari mmoja mzito unaosema kwamba macho yakigeuka manjano dawa zisimamishwe na mgonjwa apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, kwa maana tatu kati ya hizo nne zinaweza kuumiza ini. Hivi ndivyo muuguzi anavyopaswa kusoma dawa. Mwanafunzi mmoja, Mkongo, alilinakili jedwali lote kwenye karatasi ya manila na kulibandika juu ya kitanda chake, na sioni namna bora ya kukisifu kijitabu.

Kifua kikuu na UKIMWI vimeunganishwa vizuri pia. Imeelezwa kwamba rifampisini hupunguza kiwango cha dolutegraviri, dawa ya kupunguza makali ya UKIMWI, katika damu, na kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa zote mbili huongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kawaida. Imeelezwa tena kwamba vidonge vya uzazi wa mpango navyo hudhoofishwa na rifampisini, jambo ambalo wakunga huliulizwa mara kwa mara na wauguzi hulisahau.

Ukitoka hapo na kuingia kwenye shinikizo la damu, unaweza kudhani umefungua kitabu kingine. Kila dawa imewekewa kichwa cha madhara, na chini ya kila kichwa yameandikwa yaleyale: kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu. Amlodipini inayo, kaptoprili inayo, propranololi inayo, na nina hakika kama maji ya kunywa yangekuwa na ukurasa wake nayo yangekuwa nayo. Mtahini hawezi kutoa alama kwa orodha inayofaa dawa yoyote duniani. Anachotafuta ni lile dhara linaloitambulisha dawa: amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, kaptoprili huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi na mara chache huvimbisha midomo na ulimi, propranololi hubana njia ya hewa na kwa hiyo haipewi mgonjwa wa pumu. Vilevile palistahili onyo, kwa herufi kubwa kama zile walizotumia kwenye jalada, kwamba kaptoprili na ndugu zake hazitolewi kwa mjamzito, na kwamba methildopa ndiyo iliyozoeleka kwa mama huyo. Onyo hilo halipo mahali popote.

Kisukari kimepata kurasa nyingi na nusu yake ni nzuri. Tofauti kati ya insulini angavu inayofanya kazi haraka na ile yenye mawingu inayokwenda taratibu imeelezwa vizuri, pamoja na kanuni ya kuvuta ile angavu kwanza zinapochanganywa kwenye bomba moja, na kubadilisha sehemu ya kuchoma ili ngozi isifanye uvimbe. Glibenklamidi na hatari yake ya kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mzee anayeruka mlo, ipo. Metfomini kusimamishwa kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa, haipo.

Kifafa cha mimba kinastahili maneno zaidi, kwa sababu mtu anayefanya kazi katika kituo cha afya cha daraja la tatu, ambako hakuna daktari na gari la wagonjwa huenda liko njiani na mwingine, atalazimika kuanza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, yeye mwenyewe. Kijitabu kimetoa hesabu yake kwa usahihi: ampuli ya asilimia 50 ya mililita 10 ina gramu 5, kwa hiyo gramu 4 za kuanzia ni mililita 8, zikaongezwa mililita 12 za maji ya sindano na kupata mililita 20, zikatolewa polepole mshipani kwa muda usiopungua dakika 5. Baada ya hapo gramu 5 katika kila tako, kisha gramu 5 kila saa 4 kwa kubadilishana upande, hadi saa 24 zitimie baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalokuja nyuma. Nilitafuta kosa na sikuliona.

Hata hivyo mwandishi amesimama pale ambapo kazi ya muuguzi inaanza. Kabla ya kila dozi inayofuata, pumzi za mama zihesabiwe na zisipungue 16 kwa dakika, goti ligongwe kuona kama mguu bado unaitika, na mkojo uwe umefika angalau mililita 30 kwa saa katika muda wa saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi haitolewi. Pumzi zikisimama, mama asaidiwe kupumua na apewe kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ni mililita 10 za ile ya asilimia 10, polepole mshipani. Haya yote hayamo. Katika kikundi chetu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyeihesabu dozi bila kusita aliulizwa atajuaje kwamba dawa imezidi, akajibu, "Musawo, atatapika," akiniita mhudumu wa afya kwa Kiganda. Jibu hilo amelitoa kijitabuni, kwa maana kichefuchefu na kutapika vimeandikwa hapa pia.

Kuna mambo ambayo hayakuguswa kabisa. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, haina ukurasa. Katika nchi ambayo upimaji wa kitaifa wa watoto wachanga uliofanywa mwaka 2014 na 2015 ulikuta takriban asilimia 13 wamebeba kinasaba chake, na ambako wodi za watoto za Busoga na kaskazini hazikosi mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, sielewi iliachwaje. Swali lake si gumu: maji ya kutosha, kutuliza maumivu bila ubahili, asidi ya foliki kila siku, penisilini ya kinga kwa walio wadogo, na haidroksiurea pamoja na kupima damu mara kwa mara ili kuona kama chembe zake hazijashuka mno. Chanjo ya malaria nayo haimo, labda kwa sababu nakala ninayoitumia ilitungwa kabla ya Aprili 2025, Uganda ilipoanza kuitoa kwa watoto wa miezi 6, 7, 8 na 18. Ebola ina mistari michache iliyoishia Gulu mwaka 2000. Mlipuko wa Mubende wa mwaka 2022 haukutajwa, wala ule uliotangazwa Kampala mwishoni mwa Januari 2025, ambao mgonjwa wake wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi. Kinga ya maambukizi ni swali la uhakika katika mitihani ya vitendo, na mpangilio wa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga ungetosha kujaza ukurasa wenye manufaa zaidi kuliko historia.

Magonjwa ya kuhara na nimonia ya watoto yametendewa haki kwa ufupi: maji ya ORS, zinki kwa siku 10, miligramu 20 kwa mtoto aliyetimiza miezi 6 na nusu yake kwa aliye chini ya hapo, amoksilini kwa nimonia ya kutibiwa nyumbani. Sina la kuongeza.

Sehemu ya mwisho ni hesabu za dawa, na kwa wengi ndiyo inayowafanya watoe pesa. Mifano ni mingi, imepangwa kutoka rahisi hadi ngumu, na kila hatua imeandikwa. Lita moja ya maji kwa saa 8 kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita inafanywa hivi: mililita 1000 mara 20, ugawe kwa dakika 480, upate 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Ninachokipenda ni kwamba saa hugeuzwa kuwa dakika katika mstari wake wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi huporomoka. Nisichokipenda ni kwamba majibu yamechapwa moja kwa moja chini ya maswali, hivyo mtu hujidanganya kuwa amekokotoa wakati amesoma tu. Sisi tulikata vipande vya karatasi vya kufunikia. Kuna pia maswali mawili au matatu ambayo nukta ya desimali imefutika katika kunakiliwa, na 0.5 imekuwa 5, kwa hiyo yeyote anayetumia nakala hafifu azikokotoe upya hesabu zote na asiamini jibu lililochapwa.

Bei ni shilingi 20,000 kwa nakala safi, na nusu yake au pungufu kwa nakala iliyonakiliwa tena. Kwa tofauti hiyo ningemshauri mwanafunzi atoe zile 20,000, kwa sababu ya nukta nilizozitaja. Mwongozo wa Tiba wa Uganda unapatikana bure kama faili katika tovuti ya Wizara ya Afya na unakaa kwenye simu ya kawaida, lakini ni mnene mno kwa wiki za mwisho, na haukuandikwa kwa ajili ya mtihani wala kwa ajili ya muuguzi peke yake. Namna inayofaa ni kuviweka pamoja: kijitabu kikupe mpangilio wa magonjwa, mwongozo ukupe kipimo cha dawa, na pambizo za kijitabu, ambazo kwa bahati nzuri ni pana, zijazwe yale anayoyafanya muuguzi kabla na baada ya kutoa dawa.

Kwa anayesomea cheti, ambaye anahitaji kwanza kuzoea majina na makundi ya dawa, ningesema anunue. Kwa wa stashahada, anunue kwa ajili ya jedwali la kifua kikuu na hesabu, na mengine ayatafute wodini na katika mwongozo. Kwa anayesomea ukunga kijitabu hiki hakitoshi, kwani ukiondoa kifafa cha mimba, uzazi wote umepewa ukurasa mmoja, ambao unataja uniti 10 za oksitosini baada ya mtoto kuzaliwa bila kusema kwamba dawa hiyo hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye kibanda akufungulie ukurasa wa artesuneti. Nasikia kuna toleo lililosahihishwa linalozunguka, na mstari huo wa dozi ndio utakaokuonyesha ni lipi ulilopewa.